Uzito wa Breki

Barabara ya Kirinyaga, muuzaji alinibwagia mikononi
msumeno wa kilo saba, rangi ya chungwa bivu.
"Huu, dada, unakata hata nguzo ya stima."
Sikuja kukata nguzo ya stima.
Nilitaka kitu cha kuning'inia kiunoni
nikiwa futi sitini juu ya bati la mtu,
kitu ambacho bega halitakilaani
dakika ya ishirini, jasho likiwa machoni
na mguu mmoja ukitafuta pa kukanyaga.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
na yeye huuza akiwa ameketi.

Rafu ya chini, nyuma ya pampu za maji,
kulikuwa na kidogo chenye vumbi,
mpini mgongoni kama wa birika.
Nikakinyosha mbele ya kifua, nikahesabu kimoyomoyo.
Muuzaji akadhani nasali.
Nilipofika mia mbili bega likauliza swali,
halikulalamika, liliuliza tu.
Nikalipa.

Kariobangi, fundi Ombati alikipindua mara moja.
"Upanga wa inchi kumi na nne wa nini?
Matawi yako ni ya unene wa paja, si wa tumbo."
Akaweka wa kumi, na cheni nyembamba ya meno ishirini.
Akafungua sailensa, akapanua tundu lake kwa tupa ya duara,
kidogo, akapuliza vumbi la chuma,
kidogo tena,
kama mama anayemsafisha pua mtoto mwenye mafua.
"Injini ikipata pumzi hudai chakula,"
akageuza skrubu ya kabureta robo ya robo,
kichwa kimeinama, macho yamefumbwa,
sikio ndilo lililokuwa likisoma.
Mlio ukapanda, ukakwaruza, ukatulia
mahali ambapo hata mimi nilipajua.
Akafunga pete ya kamba nyuma, kwa bolti mbili.

Nikasema: toa na hii breki ya mbele, inaongeza uzito.

Hakunijibu.
Aliifungua, akavuka mtaro hadi buchari ya jirani,
akaiweka kwenye mizani, kando ya kipande cha maini,
akarudi akaniwekea kiganjani.
"Gramu mia na thelathini. Shika vizuri.
Huo ndio uzito wa shavu lako."
Akairudisha mahali pake, akaikaza,
na kazi hiyo hakuitoza hata shilingi.

Kileleshwa, Jumanne, mjakaranda nyuma ya tangi la maji.
Mwenye nyumba alitaka wote uende, eti maua yanaziba mifereji.
Tulisikizana tawi moja, lile lililokufa.
Kilonzi chini, kamba imezungushwa shinani,
na mimi juu, nakata kama ninayemega mkate.
Sikujua kuwa mti ule ulikuwa umemeza waya,
waya wa kuanikia nguo wa mpangaji gani, mwaka gani,
gome likauzingira, likanyamaza.

Ncha ikagusa.
Msumeno ukaruka kunijia usoni.
Mkono wangu ukasukuma kile kibao cha gramu mia na thelathini.
Tak.
Cheni ikasimama shubiri moja kutoka miwani.
Injini ikaendelea kukoroma taratibu,
haina habari, kama paka kwenye kochi.

"Vipi huko juu?" Kilonzi akaita,
maua ya zambarau yamejaa kwenye kofia yake.
Sikuwa na sauti ya kumpa.
Nilikumbatia shina, nikanusa moshi na utomvu,
nikangoja magoti yanirudie.
Kisha nikalimaliza lile tawi, kwa upande wa pili.

Usiku huu nimeketi mlangoni na tupa, stovu inachemka,
nanoa jino moja, nasogeza, nanoa linalofuata,
mipigo mitatu mitatu, kutoka ndani kwenda nje.
Kumi na manane mazima.
Mawili yamevunjika kwenye waya wa watu.
Kesho nitampelekea Ombati cheni,
na nusu kilo ya maini.